Mji Hauendeshwi kwa Kukata Utepe



Mchumaji wa chai anaijua mizani. Amechuma tangu alfajiri, kikapu kimejaa, na saa ya kupima ikifika anasogea mpaka mbele ili auone mshale kwa macho yake mwenyewe. Hakai chini ya mti akingoja kuambiwa na karani. Anajua kwamba kilo zitakazoandikwa ndizo mshahara wake, na kwamba karani akipunguza mbili kwa ajili ya maji na moja kwa ajili ya kikapu, jioni hana pa kudai. Mkata miwa naye huhesabu mistari yake kabla mnyapara hajashika kalamu.

Katika toleo hili twataka kuzungumza juu ya mizani nyingine, ambayo wengi wetu tumewaachia wakubwa waisome peke yao. Mizani hiyo ni taarifa za kazi za mji: idara za maji, afya, barabara, masoko, nyumba na usafi zinapoeleza zimefanya nini mwezi uliopita, na zinakusudia kufanya nini miezi ijayo. Tukizisikia taarifa hizo redioni, wengi wetu huona ni mambo ya madiwani. Sisi twasema ni mambo ya mshahara. Mfano wetu utakuwa mji wa Mombasa.

KWA NINI MOMBASA

Msomaji aliye katika mashamba ya chai ya Bushenyi, au katika kiwanda cha sukari cha Lugazi, aweza kuuliza: mitaro ya Mombasa yanihusu nini mimi wa Uganda?

Inakuhusu, ndugu. Chai tunayochuma Uganda, sehemu yake kubwa huuzwa katika mnada wa Mombasa. Mnada huo ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Huko chai yetu huwekwa maghalani pamoja na chai ya Kenya, Rwanda, Burundi na nchi nyingine, ikingoja mnunuzi na meli. Na katika mizigo yote inayopita bandari ya Mombasa kwenda nchi za bara, Uganda ndiyo inayochukua sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Mbolea, vipuri vya mashine na dizeli, vingi hupita njia hiyo. Tangu reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, mkono wa mfanyakazi wa kule na mkono wa mfanyakazi wa huku umeshika kamba moja.

Basi fikirini juu ya kuli wa ghala la chai. Anaishi Likoni kwa sababu kodi ya kisiwani hawezi kuilipa. Anaamka saa kumi usiku, mfereji umekauka, ananunua maji mtungi mmoja. Mvua imenyesha, mtaro umeziba, anavua viatu na kuvuka matope. Anafika feri, anangoja. Anapofika ghalani amekwisha kutumia fedha na nguvu kabla ya kubeba gunia la kwanza. Hakuna tajiri aliyemkata mshahara siku hiyo, lakini mshahara umekatwa.

NANI ANAFANYA NINI

Jambo la kwanza mfanyakazi anapaswa kujua ni kazi ipi ni ya nani, kwa sababu mtu asiyejua mlango wa kubisha huzungushwa mpaka achoke.

Zamani Mombasa ilikuwa na baraza la manispaa, na wakuu wa idara walipeleka taarifa zao mbele ya kamati za madiwani. Baada ya Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010, na uchaguzi wa mwaka 2013, baraza hilo liliondoka na kazi zake zikaingia katika Kaunti ya Mombasa, yenye gavana na bunge lake dogo la wawakilishi wa wadi. Wadi ni 30. Kaunti ndiyo yenye zahanati na hospitali, masoko, uzoaji wa taka, zimamoto, taa za barabarani, mitaro na barabara ndogo za mitaani, pamoja na shule za chekechea.

Lakini bandari si ya kaunti. Barabara kuu si za kaunti. Feri ya Likoni nayo ni ya serikali kuu; ndiyo maana mwaka 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa, lawama haikuishia katika ofisi za manispaa. Na maji yana mlolongo mrefu: shirika moja la serikali huyaleta kwa wingi kutoka mbali, na kampuni ya maji iliyo chini ya kaunti huyanunua na kuyagawa majumbani. Mfereji ukikauka, kila mmoja aweza kumwonyesha kidole mwenzake. Mfanyakazi asiyejua mlolongo huo hupewa jibu moja kila siku: nenda ofisi ile.

KAZI ISIYO NA UTEPE

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Kazi za mji ni za namna mbili. Ziko zile za kuzinduliwa, zenye mkasi, utepe, hema na hotuba. Na ziko zile za kila mwezi, ambazo hazina utepe wala hotuba: kuzibua mtaro, kuzoa taka, kuziba bomba linalovuja, kubadili taa iliyoungua, kutia dawa kisimani, kufagia soko usiku ili lifunguke asubuhi. Mji huishi kwa hizi za pili. Ukizisahau miezi mitatu, hizo za kwanza hazikusaidii kitu.

Tuchukue taka. Kwa miaka mingi taka za Mombasa zilimwagwa Kibarani, kando ya maji ya Makupa, pale pale mgeni anapoingia kisiwani. Moshi na harufu vilikuwa ndiyo karibu ya mji. Mwaka 2018 hatua ilichukuliwa ya kulifunga jaa lile, udongo ukamwagwa na miti ikapandwa. Hilo ni jema na twalisifu. Mwaka 2022 hata ile njia ya udongo ya Makupa ilikwisha kupewa daraja jipya, maji yakapata kupita chini yake.

Lakini hebu tuhesabu kama wafanyakazi. Taka hazikwisha kwa sababu Kibarani imefungwa. Zilielekezwa Mwakirunge, mbali upande wa Kisauni. Lori lililokuwa likienda safari fupi sasa laenda safari ndefu. Safari ndefu ni dizeli zaidi, matairi zaidi, dereva zaidi, na saa zaidi za wapakiaji. Kufunga jaa ni kazi ya kuanza na kumaliza. Kufika Mwakirunge ni kazi ya kila siku ya Mungu. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba jaa limefungwa, swali lake liwe: je, bajeti ya malori na ya wafanyakazi wa usafi imeongezwa kwa kadiri ya safari? Kama haikuongezwa, taka zitabaki mitaani, na mvua itazipeleka mitaroni. Na wale waliokuwa wakiokota vyuma na plastiki Kibarani ili wapate chakula, nao ni wafanyakazi. Waliambiwa waende wapi?

Mitaro ni hivyo hivyo. Mvua kubwa za Novemba 2023 zilipoanguka, mafuriko yaliingia majumbani Mombasa. Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini pwani ina majira yake: masika huja kuanzia Machi au Aprili, na vuli huja kuanzia Oktoba. Mtaro unaozibuliwa Februari na Septemba ni kazi. Mtaro unaozibuliwa maji yakiwa magotini ni mazishi. Taarifa ya mwezi ndiyo yenye kutuonyesha ni kipi kati ya hivyo viwili kilichofanyika. Ikiandika tu “mitaro imesafishwa”, haijasema kitu. Mitaro ipi? Mita ngapi? Na watu wangapi, wenye gambuti na glavu au wenye miguu mitupu?

Na tusisahau hospitali. Tangu mwaka 2013 wauguzi wa hospitali za umma wengi wao waliwekwa chini ya kaunti. Mwaka 2017 waligoma kwa karibu miezi 5 nchini kote Kenya. Majengo yalikuwapo, vitanda vilikuwapo, mabango ya uzinduzi yalikuwa bado yameandikwa majina ya waliozindua. Aliyekosekana ni muuguzi, na wagonjwa waliteseka. Hilo lilitufundisha sote kwamba zahanati ni mtu kwanza, ukuta baadaye.

SOMO LA ZAMANI

Wako wanaosema kwamba chama cha wafanyakazi kishughulike na mshahara, mambo ya mji kiwaachie wanasiasa. Twawaomba ndugu hao watazame nyuma kidogo.

Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Hawakuanza makuli wa bandari. Walianza vibarua wa kazi za umma, na dai lao lilikuwa nyumba: walitaka posho ya kulipia kodi, kwa sababu mji ulikuwa umewaita kufanya kazi bila kuwatengenezea pa kulala. Mgomo ukaenea sehemu nyingine za kazi mpaka ukafika gatini. Januari 1947, miaka 2 baada ya mgomo mkubwa wa kwetu Uganda wa Januari 1945, Mombasa nzima ilisimama. Wafanyakazi kiasi cha 15,000 waliacha kazi kwa muda wa siku 12. Hapo ndipo lilipotokea shirikisho la wafanyakazi Waafrika lililoongozwa na Chege Kibachia, ambaye wakoloni walimkamata mwaka huo huo. Gharama za maisha, na nyumba ndani yake, zilikuwa katika kiini cha manung’uniko yale.

Basi wazee wetu hawakutenganisha mshahara na mji. Walijua kwamba shilingi anayopewa mtu kiwandani huweza kunyang’anywa na mwenye nyumba, na muuza maji, na nauli, kabla haijafika mezani kwa watoto. Chama kinachopigania nyongeza ya mshahara bila kutazama mfereji na mtaro kinajaza maji katika ndoo iliyotoboka.

MIRADI YA KESHO

Hatupingi miradi mipya. Mji unaokua lazima ujenge. Tazameni maji tena. Bomba kubwa linaloleta maji Mombasa kutoka chemchemi za Mzima, mwendo wa zaidi ya kilometa 200, lilimalizika mwaka 1957. Wakati huo watu wa Mombasa hawakuzidi laki 2. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walikuwa 1,208,333. Vyanzo vya Baricho kule mto Sabaki, Marere na Tiwi vimesaidia, lakini havitoshi. Bomba la pili la Mzima limetajwa miaka nenda miaka rudi. Bwawa la Mwache huko Kwale lilipata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2014; zaidi ya miaka 10 imepita, na mama wa Kisauni angali ananunua maji kwa mtungi.

Kwa hiyo twasema bwawa lijengwe, na haraka. Lakini bomba la mwaka 1957 linatufundisha jambo lingine. Limefanya kazi miaka zaidi ya 60 kwa sababu wako watu wasiojulikana majina, waliolitembelea, wakaziba nyufa, wakabadili vali, wakalinda njia yake porini. Kila maji ya bwawa jipya yatakapofika mjini, yatapita katika mabomba ya zamani ya mitaani. Kama mabomba hayo yanavuja, tutakuwa tumekopa fedha nyingi ili tunyweshe udongo.

Nasi katika mashamba yetu tumeyaona haya kwa udogo wake. Katika kambi moja ya wafanyakazi tulijengewa mfereji wa maji. Siku ya kuufungua walikuja wakubwa, tukapiga makofi, tukapigwa picha. Koki iliharibika haukupita mwaka. Ilihitajika mpira mdogo wa ndani, bei yake ndogo kuliko soda. Hakuna aliyekuwa ameajiriwa kuibadili, wala kitabu kilichoandika ni kazi ya nani. Wanawake wakarudi mtoni, na jiwe lenye majina likabaki pale pale, likisomeka vizuri.

Nyumba nazo zina somo lake. Majumba ya zamani ya manispaa ya Buxton, ambamo vizazi vya wafanyakazi walilelewa, yalibomolewa mwaka 2021 ili ghorofa mpya zisimame. Majumba yale yalikuwa yamechakaa, hakuna anayebisha. Lakini kwa kila mradi wa namna hiyo, Mombasa au Kampala, swali la mfanyakazi ni moja: yule aliyekuwa akilipa kodi ya chini, je, atarudi katika nyumba mpya, au amesukumwa nje ya mji, aongeze nauli yake maisha yake yote? Idadi ya ghorofa haijibu swali hilo. Idadi ya wapangaji waliorudi ndiyo hulijibu.

TUSEME HAKI

Itakuwa si haki kuwatupia lawama zote watu wa kaunti. Katiba ya Kenya imeagiza kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na fedha hizo zikichelewa kutoka Nairobi, mishahara ya wafanyakazi wa kaunti nyingi imechelewa nayo. Mkuu wa idara hawezi kutia mafuta ya lori kwa maneno matamu. Lakini hapo hapo twauliza: fedha zikiwa chache, ni nini hukatwa kwanza? Mara nyingi katika miji yetu hukatwa kile kisicho na utepe. Mfagiaji huwa kibarua wa siku, mkataba wake humalizika kila mwezi, hana bima wala likizo, na akiumwa jina lake hufutwa. Wakati huo huo bango la mradi mpya linapakwa rangi.

Na sisi wenyewe tujikosoe. Nani anayetupa maganda na chupa mtaroni, kama si sisi tunaopita? Nani hujiungia bomba kwa siri, jirani wa mbele akakosa? Mfanyakazi wa usafi ni ndugu yetu wa tabaka moja. Tukimwongezea mzigo kwa uvivu wetu, hatuna uso wa kumdai tajiri ubinadamu.

TUFANYE NINI

Kwa ndugu zetu wa Mombasa, sheria imewapa nafasi, na tarehe zake zajulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa fedha hupelekwa ifikapo tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hupelekwa ifikapo tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kila robo mwaka, taarifa ya matumizi ya kaunti hutolewa. Wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla ya maamuzi. Lakini mkutano ukiitwa saa nne ya asubuhi siku ya kazi, kuli yuko gatini na mshonaji yuko kiwandani. Watakaohudhuria ni makontrakta. Hapana budi vyama vidai mikutano ya jioni au Jumapili, na vipeleke watu wao.

Kwetu Uganda mwaka wa fedha nao huanza tarehe 1 Julai, na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 imeziweka kazi nyingi za mji mikononi mwa mabaraza yetu. Tuna wabunge 5 wa wafanyakazi katika Bunge, nao ni fahari yetu. Lakini takataka haziondolewi na Bunge. Zinaondolewa na baraza la mji ambalo wengi wetu hatujui hata linakutana lini.

Twapendekeza basi kwamba kila tawi lichague ndugu wawili, mwanamke na mwanamume, wenye kusoma vizuri. Wao waifuatilie taarifa ya mji au ya wilaya yao, waisome mbele ya wanachama, na waulize maswali haya:

Kwanza, kazi iliyoandikwa imefanyika wapi hasa, ili twende tukaione?

Pili, imefanywa na watu wangapi, wa kudumu au vibarua, na wamelipwa mwezi gani?

Tatu, mradi mpya ukimalizika, nani ameajiriwa kuutunza, na fungu lake liko ukurasa gani wa bajeti?

Nne, kitu kilichoahidiwa mwezi uliopita kimefika wapi, au kimeondolewa tu katika karatasi kimya kimya?

Tano, mtu wa chini atalipa zaidi au pungufu baada ya kazi hii?

Maswali haya hayahitaji shule kubwa. Yanahitaji watu wasioona haya kusimama mbele na kutazama. Wakubwa wengine watakasirika, kama karani wa mizani anavyokasirika mchumaji akimwinamia begani. Mwacheni akasirike. Akijua kwamba anatazamwa, mshale utasoma sawasawa.

Tusogee kwenye mizani, ndugu.